Miezi mitano nilimwita mvivu

Nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, soksi moja mguuni, nyingine mkononi, kidevu kimegusa kifua. Amelala. Nilikuwa nimeshamwamsha mara tatu asubuhi hiyo, mara ya tatu kwa sauti ambayo sipendi kuikumbuka, na kila mara aliitikia "nimeamka, mama." Alijitahidi, maskini. Alifika nusu ya kuvaa, usingizi ukamchukua papo hapo. Na mimi pale mlangoni nikasema kile nilichokuwa nimezoea kukisema: "Uvivu gani huu?"

Binti yangu ana miaka 15. Ni kifunguamimba wangu, na utotoni ndiye aliyekuwa akija alfajiri kunivuta shuka. Kwa hiyo alipoanza kuburuta miguu, akirudi shule anajitupa kitandani na sare yake, anasinzia juu ya daftari, halafu usiku ukiingia yuko macho makavu, nilikuwa na maelezo tayari. Simu. Simu na ukubwa. Sikuuliza zaidi ya hapo kwa miezi mitano. Neno "mvivu" lina ubaya huo: ukishalitamka unajiona umepata jibu, na aliyepata jibu hatafuti tena.

Simu niliichukua. Kila saa 3 usiku naifungia kabatini, nikitegemea baada ya siku mbili tatu nitamwona amechangamka. Sisemi simu haina lake. Mwanga wake unamdanganya mtu kwamba bado ni mchana, na maneno yaliyomo ndani yanaichemsha akili hata zaidi ya huo mwanga. Lakini simu ikawa kabatini, na mtoto akaendelea kukodolea macho dari mpaka saa 6 usiku. Nikadhani ananikomoa. Usiku wa nne nikaenda kulala naye.

Tulizima taa saa 4. Baada ya muda nikasikia shuka: kwaru, kwaru, kwaru. Nyayo zake zilikuwa zinasuguana. Mara anakunja goti, mara ananyoosha, anageuka ubavu, anaanza upya. Nikamuuliza kama miguu inamuuma.

"Haiumi, mama. Ni kama sisimizi wanatembea ndani ya mfupa. Nikiisogeza wanatulia, nikiiacha wanarudi."

Tangu lini?

"Zamani. Nilidhani kila mtu yuko hivyo."

Akaja kusinzia saa 7 kasoro, tena usingizi wa mang'amung'amu, na mimi sikupata hata lepe. Nililala chali nikisikiliza shuka na kuhesabu asubuhi zote nilizomfokea mtoto aliyekuwa amelala kwa muda wa saa nne tu.

Kituo cha afya cha kwanza tulichokwenda walimpima damu ya kidoleni. Himoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, 12.2. Mhudumu akasema mpaka wa msichana wa umri huo ni 12, kwa hiyo damu ipo, ale vizuri na apunguze simu. Hatukumaliza dakika kumi. Habari za miguu nilizianza, zikakatwa katikati. Niliporudi nyumbani nilifanya jambo ninalolijutia kuliko yote: asubuhi iliyofuata, alipokawia, nikamwambia, "Hata hospitali wamesema huna kitu." Hakunijibu. Alinitazama tu, akaendelea kufunga viatu.

Daktari wa pili nilielekezwa na jirani. Alituomba tusiende mikono mitupu: twende na daftari la wiki mbili. Saa ya kuzima taa, saa anayodhani alilala, ameamka mara ngapi, saa ya kutoka kitandani, amekunywa nini baada ya mchana, maana kafeini ya jioni huchukua saa tano au zaidi hata nusu yake tu kuisha mwilini. Na siku za hedhi. Hilo la mwisho lilinishangaza. Hedhi na usingizi vinahusiana wapi?

Mwanangu alijaza daftari mwenyewe kwa kalamu ya kijani. Siku ya sita ameandika "H1". Nikafunua kurasa: H4, H7, H9. Siku tisa. Na pembeni, kwa herufi ndogo kana kwamba anaona haya hata mbele ya karatasi: "pedi kila saa moja na nusu", "usiku pedi mbili", "nimeamka x2 kubadili", "mabonge".

Nilikaa na lile daftari jikoni muda mrefu. Alipokuwa na miaka 12 mimi ndiye niliyemweleza habari za hedhi, na maelezo yangu yalikuwa haya: ni kila mwezi, usiogope, ukiishiwa pedi niambie. Sikumpa kipimo. Sikumwambia kwamba damu ikizidi siku 7, au pedi ikijaa kila baada ya saa moja au mbili, au ukilazimika kuvaa mbili kwa pamoja, au yakitoka mabonge makubwa, hayo ni mengi kupita kawaida na daktari anapaswa kuyasikia. Sikumwambia kwa sababu na mimi sikuambiwa. Nimetoka damu hivyo hivyo ujana wangu wote, nikiamini ndivyo wanawake wanavyoishi.

Daktari alilisoma daftari mstari kwa mstari. Akauliza kama hutoka damu puani, kama fizi huvuja, kama kuna mtu katika familia aliyevuja damu sana baada ya kung'olewa jino au kujifungua. Yapo matatizo ya kurithi ya kuganda kwa damu ambayo kwa msichana hujionyesha kwanza kwenye hedhi, akasema, na tungeyapima. (Tulipima. Hana.) Aliuliza kama anakoroma au kukatika pumzi usingizini, maana mafindofindo makubwa huweza kumnyima kijana usingizi mzima usiku kucha, naye asubuhi asijue. Aliuliza habari ya kiu, kukojoa mara kwa mara na kukonda. Hapo alinigeukia na kunikazia macho: dalili hizo zikikutana na uchovu, mtoto apimwe sukari siku hiyo hiyo, hakuna kungoja miadi. Akagusia tezi ya shingo, ile ikilegea mtu husikia baridi na kufunga choo, akagusia na virusi vya Epstein-Barr, ambavyo huanza na koo na tezi kuvimba kisha vikaacha mwili umechoka kwa wiki nyingi.

Mimi nikamsimulia ile ya soksi. Nilikuwa nimesoma mahali kuhusu nakolepsi, ugonjwa wa kusinzia usiozuilika ambao mara nyingi huanza umri huu, na roho haikuwa imetulia tangu hapo. Akamuuliza binti kama magoti humlegea ghafla anapocheka sana. Hapana. "Basi hilo tuliweke kando kwa sasa," akasema. "Mtoto anayelala kwa muda wa saa nne tu, tena vipandevipande, kusinzia akivaa soksi si ajabu."

Kisha akaniomba nitoke nje.

Dakika 15 kwenye benchi la korido ni nyingi. Nilikuwa nautazama mlango nikijiuliza ni kitu gani mwanangu anaweza kumwambia mgeni asichoweza kuniambia mimi. Baadaye daktari alinieleza kwamba hufanya hivyo kwa kila kijana. Wapo waliochoka kwa sababu ya mimba wasiyoweza kuitaja, wapo wanaotumia dawa za kulevya, wapo wanaoonewa shuleni, na wapo wenye sonona, ambayo kwa umri huu huweza kuja na sura ya hasira na kulala mchana kutwa kuliko sura ya machozi. Mbele ya mama, wote husema "niko sawa."

Njiani kurudi alinigawia sehemu ya yale aliyoyasema. Rafiki yake wa tangu utotoni alikuwa ameacha kuzungumza naye, na kila akiamka usiku kubadili pedi, fikra hiyo inamngoja hapo hapo kitandani. Mengine ni yake, hayaandikwi hapa. Daktari alimpangia mshauri wa kuzungumza naye, na ameshakwenda mara tatu.

Majibu yalikuja baada ya siku nne. Sukari sawa, tezi sawa, himoglobini ile ile, 12 na kidogo. Feritini 9. Shirika la Afya Duniani linaanza kuhesabu upungufu chini ya 15, na daktari akasema kwa mwenye miguu ya namna ile yeye hutaka ipande juu zaidi ya hapo. Jinsi nilivyolielewa jambo hili: himoglobini ni fedha iliyo mkononi, feritini ni akiba ya madini ya chuma. Mwili hutoa kwenye akiba kwanza ili mkononi pasipungue, kwa hiyo ukihesabu ya mkononi tu utasema mambo ni mazuri, kumbe sanduku ni tupu. Kipimo cha kwanza hakikuwa na kosa. Kiliangalia mfuko mmoja.

Na chuma hakitumiki kwenye damu peke yake. Ubongo unakihitaji kutengenezea dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli zake, na ndiyo maana akiba ikiisha huenda ikaja na sisimizi wa usiku. Damu ile ile iliyokuwa ikimchosha mchana ndiyo iliyokuwa ikimkosesha usingizi, na nusu ya kile nilichokiita uvivu ilikuwa ikitoka mwilini mwake kila mwezi huku nikimnunulia pedi mwenyewe.

Alipewa vidonge vya chuma, kimoja kila baada ya siku moja, mbali na chai na kahawa kwa sababu huzuia chuma kisinyonywe, pamoja na dawa ya kupunguza damu siku za mwanzo za hedhi. Tuliambiwa choo kitakuwa cheusi na tusishtuke. Chupa nimeiweka juu kabisa ya kabati, maana mdogo wake hupenda kuonja kila kitu, na vidonge vya chuma vikimezwa vingi ni sumu kwa mtoto mdogo. Wala sikushauri umpe wako bila kumpima. Chuma kilichozidi nacho hudhuru.

Sasa wiki ya saba. Miguu ilianza kutulia wiki ya nne. Halali saa 4 usiku, na hapa ilinibidi nijifunze jambo jingine. Balehe yenyewe inaisukuma mbele saa ya mwili. Melatonini, homoni inayoutangazia mwili kwamba usiku umeingia, kwa vijana huchelewa kupanda kwa saa moja hadi mbili, na hamu ya usingizi nayo hujijenga polepole kuliko utotoni. Mtafiti Mary Carskadon, aliyewachunguza watoto na vijana wakilala kwenye kambi ya kiangazi pale Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, miaka ya 1970, alitarajia kuona haja ya usingizi ikipungua kadiri mtoto anavyokua. Haikupungua. Kijana wa miaka 13 hadi 18 bado anahitaji saa 8 hadi 10, ila mwili unamruhusu kuzianza usiku zaidi, na kengele ya shule haikusogea. Mji wa Seattle, huko huko Marekani, ulipoisogeza mwaka 2016, kutoka saa 1:50 asubuhi hadi saa 2:45, wanafunzi walipopimwa walikuwa wamepata kama dakika 34 zaidi za usingizi kila usiku wa shule. Hawakuzitumia kukesha zaidi. Walilala.

Shule ya kwetu sina uwezo wa kuisogeza. Nilichoweza ni kuacha kumlazimisha kitandani saa 3, kwa sababu alichokuwa akijifunza huko ni kulala macho tu. Anazima taa saa 4 na nusu. Simu bado inalala sebuleni, na yangu pia. Hilo la yangu alilidai yeye, na alikuwa na haki. Asubuhi nafungua pazia kwanza, sauti baadaye. Jumamosi namwacha, lakini si mpaka adhuhuri kama zamani. Daktari alisema tofauti isizidi saa moja au mbili, la sivyo Jumatatu inakuwa kama mtu aliyeshuka ndege kutoka nchi ya mbali.

Juzi usiku nilimwomba msamaha. Si kwa kutoona, kwa maana sikuwa nikijua, bali kwa lile neno, na kwa ile asubuhi ya "huna kitu." Alikuwa anasuka nywele za mwanasesere wa mdogo wake. Hakuinua kichwa. Akasema, "Mimi pia nilikuwa nimeanza kuamini, mama." Nikamshika mguu uliokuwa karibu yangu, ukiwa umetulia tuli juu ya mkeka, na hatukusema kitu kingine.

Jumatano tunarudi kupima feritini. Daftari la kalamu ya kijani limebaki kurasa nne.