Mtaa Usio na Ukuta: Wizi na Usalama Vitongojini Marekani

Ukihamia kitongoji cha nje ya jiji huku Marekani, tuseme Brooklyn Park kule Minnesota au Garland kule Texas, macho yatatafuta kwanza vitu ambavyo havipo: ukuta wenye vipande vya chupa, geti, nondo za madirisha, askari kibandani na redio yake. Mlango wa mbele una kioo, nyasi zinashuka hadi barabarani, na saa nne asubuhi hapiti hata paka. Mgeni huona amani. Mwizi anaona kwamba watu wote wako kazini.

Mwizi wa vitongoji hivi mara nyingi haji na panga. Ni kijana anayetembea usiku akijaribu vitasa vya magari, moja baada ya jingine. Likigoma, anaenda la pili, kwa sababu kuvunja kioo kunaamsha watu. Likifunguka, hatafuti redio. Anatafuta rimoti ya gereji iliyobanwa kwenye kizuia jua, na karatasi ya usajili au ya bima iliyo dashibodini, ambayo ina anwani yako. Kwa vitu hivyo viwili ameshapata ufunguo wa nyumba na ramani ya kufika. Rimoti ingie ndani nawe kila usiku, na mlango unaotoka gereji kuingia jikoni ufungwe kama mlango wa nje. Wengi huuacha wazi wakidhani gereji ni sehemu ya nyumba.

Ukinunua nyumba, usisahau kwamba mwenye nyumba wa zamani, mpwa wake na fundi wake huenda bado wana rimoti. Panda ngazi hadi kwenye mashine ya gereji, tafuta kitufe cha kusajili rimoti, kibonyeze na kukishikilia mpaka taa yake izime. Rimoti zote zinafutika kwenye kumbukumbu, kisha unasajili zako upya. Namba za siri za kibao cha nje nazo huwa zimefutika, kwa hiyo uziweke mpya. Kwa wapangaji wa Texas, sheria ya nyumba inamtaka mwenye nyumba abadilishe funguo za milango ya nje ndani ya siku saba tangu mpangaji mpya aingie. Mwandikie ujumbe wa kudai hilo, usimwambie kwa mdomo tu.

Sasa mlango wenyewe. Mlango wa Kimarekani ukipigwa teke, kinachopasuka mara nyingi si kufuli, ni fremu. Lile bati la kwenye fremu linalopokea ulimi wa kufuli hufungwa kiwandani kwa skrubu fupi zisizofika hata inchi moja, zinazoshika ubao laini wa pambo. Ng'oa hizo, weka za inchi tatu zinazopita fremu na kuingia kwenye nguzo ya mbao iliyo ndani ya ukuta. Toboa kwanza kwa keekee nyembamba, la sivyo ubao utapasuka na utakuwa umemsaidia mwizi kazi. Kwenye kila bawaba badilisha angalau skrubu moja vivyo hivyo. Ulimi wa kufuli utoke inchi nzima. Ukiishia njiani kwa sababu tundu la fremu ni fupi, lichimbe. Kazi yote ni dola chache na nusu saa, na inafaa kufanywa kabla ya kununua kamera. Kamera itakuonyesha vizuri jinsi mlango ulivyovunjwa. Mlango wa kioo wa kuteleza, ule wa uani, unahitaji kijiti tu: kata mpini wa fagio uenee kwenye reli ya chini.

Magari yana kisa chake. Kia na Hyundai nyingi zilizouzwa Marekani kati ya mwaka 2011 na 2022, zile za kuzungusha ufunguo, hazikuwekewa kifaa cha kuzuia injini isiwake bila ufunguo halisi. Kanada kifaa hicho ni lazima tangu 2007. Vijana waligundua kwamba ukibandua kifuniko cha usukani, kichwa cha waya wa USB kinatosha kuzungusha swichi, na video zikasambaa. Kwa kuwa ni magari ya bei nafuu, ndiyo ambayo wageni wengi hununua kwanza. Tangu Februari 2023 kampuni hizo zinaweka programu mpya bure kwa wakala. Ila programu hiyo ina sharti ambalo watu hulikosa: kinga huamka pale tu unapofunga gari kwa rimoti. Ukifunga kwa kubonyeza kitufe cha mlangoni, hujafanya kitu. Matoleo yasiyo na king'ora cha kiwandani hayaipokei programu hiyo. Hayo yanahitaji kufuli la usukani, lile la chuma linaloonekana kwa nje. Baadhi ya vituo vya polisi hugawa kufuli hizo bure, kwa hiyo piga simu uulize kabla ya kununua.

Wezi wa masega ya ekzosi, yaani kile kichujio cha moshi (catalytic converter), hupenda Prius na magari yaliyoinuka juu wanayoweza kuingia chini yake bila jeki. Ni dakika chache tu na msumeno wa betri. Wanachofuata ni madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu yaliyomo. Egesha ndani ya gereji kama ipo, badala ya kuifanya stoo ya mabegi na viti vya sherehe.

Wakati wa baridi, Minnesota hasa, kuna kishawishi cha kuwasha gari na kurudi ndani ili lipate joto. Gari linalounguruma, moshi mweupe nyuma, ufunguo ndani: mwizi hahitaji ujuzi wowote. Nunua mfumo wa kuwasha kwa mbali, ambao hauachi ufunguo ndani ya gari.

Halafu kuna hatari ambayo haitokani na mwizi kabisa, ile ya wewe kudhaniwa mwizi, na kwa mtu mweusi mgeni naiweka juu ya hizo zote. Kwetu unapiga hodi, hujajibiwa unapiga ya pili, unazunguka uani kuangalia kama mama yuko jikoni. Usifanye hivyo huku. Tarehe 13 Aprili 2023, mjini Kansas City, Missouri, Ralph Yarl, kijana wa miaka 16, alikwenda kuwachukua wadogo zake. Walikuwa 115th Terrace, yeye akaenda 115th Street. Alibonyeza kengele, akapigwa risasi kichwani na mkononi, alipona. Siku mbili baadaye, Hebron, jimbo la New York, Kaylin Gillis wa miaka 20 aliuawa akiwa ndani ya gari lililoingia kwa makosa kwenye uwanja wa nyumba ya mtu na lilikuwa linageuza kuondoka.

Kwa hiyo jina la barabara lisome hadi mwisho. Street, Avenue, Court, Terrace, pamoja na North na South, si mapambo. Namba ile ile inaweza kuwa nyumba mbili zilizoachana maili kadhaa. Mpigie mwenyeji simu ukiwa bado barabarani, aje afungue. Kama lazima ubonyeze kengele, bonyeza mara moja, rudi nyuma hatua tatu mahali penye taa, mikono ionekane, kofia ya koti ishuke. Usishike kitasa, usichungulie dirishani. Ukipotea njia, geuzia gari makutano ya barabara au kwenye maegesho ya duka, si kwenye uwanja wa mtu. Wanaopeleka vyakula usiku wawashe taa za dharura na kuvaa kizibao kinachong'aa.

Wanaotunza wazee majumbani wana mtego wao. Zamu inaanza saa tano usiku, umefika saa nne na nusu, unakaa garini mbele ya nyumba ya mteja ukingoja. Jirani asiyekufahamu anapiga 911, namba ya dharura. Washa taa ya ndani, vaa kitambulisho cha kazi shingoni, na mwombe msimamizi awaarifu majirani wa pande mbili kwamba kuna wahudumu wa usiku. Polisi akija, zima injini, mikono miwili juu ya usukani, na usiupeleke mkono mfukoni wala dashibodini kabla ya kusema unachokwenda kuchukua na kuruhusiwa.

Kama ni wewe unayepiga 911, taja anwani kwanza na namba ya mlango, kisha sema neno “Swahili”. Huunganishwa mkalimani kwa simu. Ukirudi na kukuta mlango umevunjwa, usiingie kukagua. Kaa garini, sogea mbele kidogo, piga ukiwa hapo. Kwa wizi uliogundua asubuhi na mwizi ameshaondoka, tumia namba ya polisi isiyo ya dharura.

Desemba ni mwezi wa kwenda nyumbani, na hapo tunajiponza wenyewe. Tiketi inapigwa picha na kutumwa kwenye kundi la WhatsApp lenye watu mia mbili, wiki moja baada ya tangazo la mchango kuzunguka likiwa na anwani kamili ya nyumba. Matangazo ya matanga nayo husema saa ambayo familia nzima itakuwa kanisani au msikitini. Anwani mpe anayeuliza. Posta itakushikia barua kwa siku zisizozidi 30, kwa hiyo safari ya wiki sita inahitaji jirani wa kuzichukua zinazobaki. Mlipe kijana wa kuzoa theluji. Njia ya gari yenye theluji isiyokanyagwa wiki nzima ni tangazo pia.

Bima isomwe kabla ya kuihitaji. Wenye bima ndogo ya gari, ile inayomlipa mtu uliyemgonga tu, hawalipwi gari likiibwa. Inahitajika bima kubwa. Vilivyokuwa ndani ya gari, kama kompyuta au dhahabu ya harusi, bima ya gari haivifidii; hivyo hudaiwa kwenye bima ya mpangaji au ya nyumba, baada ya kukata kiasi unachobeba mwenyewe, na dhahabu mara nyingi ina kikomo kidogo mpaka uiandikishe peke yake. Piga picha za vitu, namba za usajili wa vifaa na risiti, uzihifadhi nje ya nyumba. Polisi wakimaliza, usiondoke bila namba ya ripoti, maana bima wataiulizia kabla hata ya kuuliza kilichoibwa.