Okidi za mirihi, Arabuko-Sokoke: ute ulivyokwamisha DNA

Wiki ya 1. Sampuli 24 za okidi Ansellia africana, za kupima uanuwai wa jeni, zimetoka juu ya mirihi (miti ya Brachystegia), upande wa Gede wa msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya. Vibali vilitangulia, okidi zote zinalindwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Kila kichaka cha okidi kimetoa kipande kimoja cha jani changa. Kichaka kinaweza kujaza panda nzima ya mti, mizizi myeupe imesimama kama sindano, na bado kikawa mmea mmoja. Ukichuma majani matano humo umehesabu mmoja mara tano, na hesabu yote ya uanuwai imeharibika.

Gramu 1 ya jani ndani ya gramu 10 za silika (punje zinazonyonya unyevu), chupa imefungwa kabisa. Kwa unyevu wa Malindi silika ilibadilika rangi siku ya pili, ikabidi iwekwe nyingine. Jani likivunjika badala ya kupinda, limekauka.

Wiki ya 2. CTAB ya kawaida, sabuni ya maabara ya kutoa DNA kwenye jani, imefeli. Mrija ulibaki na tone angavu linalovutika kama ute wa bamia, haliyeyuki, linaziba ncha ya pipeti. Kipimo cha mwanga cha 260/280, kinachoonyesha uchafu wa protini, kilikuwa 1.8, kizuri kabisa, usidanganyike nacho. Cha 260/230, kinachoonyesha uchafu kama sukari, kilikuwa 0.6, chini mno, na PCR (njia ya kunakili DNA) haikutoa ukanda hata mmoja. Ni sukari za ute: zinakizuia kimeng'enya kinachonakili DNA kufanya kazi.

Wiki ya 3. Dawa ni kuosha kabla ya CTAB. Miligramu 20 za unga wa jani, mililita 1 ya sorbitoli 0.35 M yenye Tris, EDTA, PVP asilimia 1 na merkaptoethanoli asilimia 1. Tikisa, zungusha kwenye mashinepewa dakika 5 kwa 5,000 g (mara 5,000 ya nguvu ya mvutano wa dunia), mwaga maji ya juu. Rudia hadi yasivutike. Majani makubwa yalitaka mara tatu. Ndipo CTAB, nyuzi 65 za Selsiasi, dakika 45, kisha kloroformu mara mbili. Isopropanoli ikishatiwa, dakika 10 zinatosha: ukilaza mrija kwenye friza usiku kucha, ute nao unashuka pamoja na DNA. Sasa 260/230 ni 1.9.

Wiki ya 4. Praima (kipande kifupi cha DNA kinachoanzisha unakili) ya ISSR, njia ya kulinganisha mimea kwa kanda za DNA, iitwayo UBC 807, imetoa kanda safi kwenye jeli ya agarosi ya asilimia 1.5. Kila sampuli inarudiwa, na ukanda usiotokea mara zote mbili hauhesabiwi. ISSR haionyeshi kama mmea umebeba nakala moja au mbili za ukanda, kwa hiyo jedwali ni la 1 (ukanda upo) na 0 (haupo) tu. Zimebaki praima saba.