Kwa Miguu Hadi Aldermaston

Treni ya kutoka Paddington ilinishusha Reading saa mbili na nusu asubuhi, manyunyu yakiendelea. Wiki tatu nzima nilikuwa maktabani London nikipekua kumbukumbu za vikao vya matawi ya vijana ya vyama vya Uingereza, za miaka ya baada ya Vita Kuu ya Pili. Akidi, ada, mweka hazina kajiuzulu. Vijana wenyewe siwaoni. Basi nikaamua kuifuata njia waliyoipita.

Pasaka ya 1958 maelfu ya watu walitoka Trafalgar Square kwenda Aldermaston, kwenye kituo cha utafiti wa silaha za nyuklia, kilomita zipatazo 83, kuzipinga silaha hizo. Walitembea siku nne, wakilala Hounslow, Maidenhead na Reading, mvua na theluji vikiwapiga. Walibeba alama ya amani iliyochorwa na msanii Gerald Holtom, ile ile tunayoiona leo kwenye fulana Nairobi.

Mimi nilichukua kipande cha mwisho tu, kama kilomita 16. Barabara ni nyembamba, na kila gari likipita linakurushia maji.

Njiani nilimkumbuka nyanya yangu wa Nyeri. Kila alipotusimulia jinsi askari wa Kizungu walivyopekua nyumba yao wakati wa Hali ya Hatari, enzi za Mau Mau, alimalizia kwa kusema, "Na walikuwa watoto tu." Nilidhani anawahurumia bure. Kumbe wengi waliandikishwa kwa lazima wakiwa na miaka 18, watumikie miaka 2, ilhali kura kwao ilianzia miaka 21. Kijana wa Reading alipewa bunduki Nyeri kabla hajapewa karatasi ya kura nyumbani. Sheria ya kushusha umri huo hadi 18 ilipitishwa 1969.

Kwa hiyo wengi wa vijana walioipita barabara hii hawakuwa na kura. Walichokuwa nacho ni miguu, na miguu haiandikwi kwenye kumbukumbu za vikao. Sura ya tatu ya utafiti wangu nilikuwa nimeianzia pasipofaa kabisa.

Saa saba na ushei nikaufikia uzio. Kituo kingali kinafanya kazi, kamera zikikutazama toka juu ya nguzo. Nikavuka barabara, nikaketi kwenye majani, nikavua soksi zilizolowa chapachapa. Nikafungua daftari, na mstari wa kwanza nikaandika mwaka 1954 na umri wa nyanya wakati ule: miaka 19.