Kibodi moja, ng'ombe wawili

Kuunganisha kibodi ya Bluetooth yenye vitufe vitatu vya kuchagua kifaa cha kuongea nacho ndiyo kazi rahisi kuliko zote. Unashikilia kitufe cha 1 mpaka kitaa kianze kumetameta, unafungua Bluetooth kwenye kompyuta, jina la kibodi linajitokeza, pengine unaombwa uchape tarakimu sita na kubonyeza Enter, mambo kwisha. Kitufe cha 2 unakipa laptopu, cha 3 simu. Muuzaji yeyote pale Kenyatta Avenue, Nakuru, atakuonyesha hayo huku akiongea na mteja mwingine. Yanayokungoja nyumbani hakuonyeshi, na si kwa ubaya. Huenda yeye hachapi neno ng'ombe kila siku.

Mimi huchapa. Tasnifu za wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Egerton, mitihani ya walimu, kumbukumbu za vyama vya akiba, na wasifu wa marehemu ambao huletwa usiku na kutakiwa alfajiri. Hapa kwangu mtaani Section 58 kuna kompyuta ya mezani, laptopu ya mtumba iliyotoka Uingereza, na simu. Vitufe vya laptopu vilikuwa vimechoka. A ilifutika zamani, na anayechapa Kiswahili haoni ajabu.

Kilichonitoa pesa hasa ni stima. Ikipotea, kompyuta kubwa huzimika papo hapo na ruta ya Wi-Fi nayo. Zamani ningehamia kwenye laptopu na vidole vianze kupapasa upya kutafuta vitufe. Sasa nabonyeza 2, nawasha intaneti ya simu, nafungua hati ileile kwenye Google Docs na kuendelea pale sentensi ilipokatikia. Kibodi yenyewe inakula betri mbili ndogo za AAA na haina habari kwamba mtaa mzima uko gizani.

Zile kibodi zisizo na waya zinazotumia kidude cha USB badala ya Bluetooth sikuzitaka. Simu haina tundu la kukichomeka bila adapta, na kikipotea kidude, kibodi ndiyo imekwisha kazi. (Kisha nikagundua kompyuta yangu ya mezani haina Bluetooth, nikalazimika kuinunulia kidude cha USB cha kuipa Bluetooth. Haya.)

Simu ndiyo korofi. Android ikiona kibodi ya nje imeungana nayo, huificha ile ya kwenye kioo. Binti yangu huichukua simu akaenda nayo jikoni, na Bluetooth inamfuata, maana mita kumi ni nyingi kwa nyumba yetu. Anagusa mahali pa kuandika WhatsApp, haoni herufi hata moja. "Mama, simu imeharibika tena!" Dawa iko kwenye mipangilio, upande wa kibodi ya nje: unairuhusu kibodi ya kioo ibaki ikionekana hata nyingine ikiwapo.

Jambo la kuogopa zaidi ni macho kuwa huku na maneno kwenda kule. Kibodi haikwambii inaongea na nani. Kitaa kinawaka kidogo unapobadilisha, halafu kinazima. Kwa hiyo kabla ya kuandika nywila au jambo la mteja, nachapa herufi moja kwanza nione imeangukia wapi. Hasa kama WhatsApp ya kwenye kompyuta iko wazi, kwa sababu huko Enter ni kutuma, hakuna kuulizwa mara mbili. Ukitaka mstari mpya unashika Shift kwanza.

Na usitupe kibodi ya waya. Kwenye kompyuta yangu Bluetooth haiamki mpaka Windows ipande, kwa hiyo siku unapotaka kuingia kwenye mipangilio ya mwanzo kabisa, kibodi yako nzuri itakuwa ubao tu.

Sasa ng'ombe. Kompyuta yangu ya mezani ilikuwa ya mwalimu wa Kifaransa, naye aliiachia mpangilio wa herufi uitwao United States-International. Humo ritifaa, ile alama ya juu iliyo ndani ya neno ng'ombe, haitokei ukiibonyeza. Inasubiri irabu inayofuata ili iipande kichwani. Kwa Kifaransa ni baraka, unapata é bila jasho. Kwa Kiswahili ni balaa. Ng'ombe anakuwa ngómbe, ng'ambo inakuwa ngámbo, na jina la Ng'ang'a, ambalo hapa Nakuru hulikosi kwenye orodha yoyote ya watu, linatoka Ngángá kama mtu aliyehama bara. Alama za usemi nazo zina mchezo huohuo: fungua nukuu kwa "Elimu", na kwenye skrini unaona Ëlimu. Ili kuipata ritifaa yenyewe lazima uibonyeze kisha ubonyeze nafasi, na nani ana subira hiyo kwenye tasnifu yenye ng'ombe wa maziwa katika kila ukurasa?

Nabonyeza 2, nahamia kwenye laptopu kwa kibodi ileile, na ng'ombe anatoka mzima. Ila sasa @ imekuwa alama za usemi, na alama za usemi zimekuwa @. Shift na 3 inanipa alama ya pauni, ilhali wateja wangu wananilipa kwa M-Pesa.

Sababu ni kwamba kibodi haitumi herufi. Inatuma namba ya kitufe. Kitufe cha A ni 4, cha ritifaa ni 52, na namba hizo ni zilezile iwe inaongea na kompyuta, laptopu au simu. Herufi gani itokee huamuliwa na mashine inayopokea, kulingana na mpangilio iliowekewa. Kwa hiyo mtu akikwambia ununue kibodi nyingine kwa sababu ya tatizo hili, mshukuru na uende zako. Fungua mipangilio ya lugha kwenye Windows, ongeza kibodi ya US ya kawaida, ondoa ile ya International. Nilifanya hivyo kwenye ya mezani, na kwenye laptopu nikaiongeza US kando ya ile ya Uingereza.

Sikuiondoa ya Uingereza kwa sababu ya binti. Yeye huchapa kwa vitufe vya laptopu yenyewe, vilivyochorwa Kiingereza cha Uingereza, na kilichochorwa ndicho anachotaka kukiona. Tumekubaliana: kitufe cha Windows pamoja na cha nafasi hubadilisha kutoka mpangilio huu kwenda ule, na anayemaliza anarudisha. Yeye harudishi. Mimi hulijua hilo nikifika kwenye anwani ya kwanza ya baruapepe.