Fokker ya baba: wiki ya sita

Leo mabawa yamekauka. Sentimita 40 kutoka ncha hadi ncha, na Fokker F27 imesimama mezani bila kushikwa na mtu. Ni maketi ya plastiki, mfano wa kuunganisha vipande, skeli ya 1/72 (ndogo mara 72 kuliko ndege yenyewe), ya ndege ambayo baba alikuwa akiipakia mizigo pale Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, enzi za Air Zaïre.

Ingekuwa imekwisha zamani kama si minada ya mtandaoni. Watengenezaji wa maketi Airfix waliwahi kutoa F27, Esci nao pia, na maboksi hayo ya kale yakipata neno "adimu" juu yake, bei inapaa. Niliona la Esci kwa euro 140, kona zimepondeka. Kadi ya benki sina, tantini wangu wa Liège, Ubelgiji, ndiye hunilipia, kwa hiyo nikamtumia picha. Akapiga simu palepale: "Mutoto wangu, euro mia na makumi ine juu ya kasanduku ka plastiki? Na madirisha iko wapi?"

Nikakuza picha. Kweli, vile vipande vya vioo havimo. Dekali, zile karatasi za kubandika alama za ndege, nazo zimekuwa rangi ya chai. Hilo halinitishi, ukizibandika dirishani zipigwe jua siku kadhaa, unjano hupauka. Lakini F27 bila madirisha ni bomba la maji.

Ndipo nikaanza kutazama vilivyouzwa badala ya vinavyouzwa. Boksi lile la 140 lilikuwa linarudi kila wiki, bei ileile, halina mnunuzi. Waliolipa kweli walikuwa wamelipa kama theluthi. Tena kalibu za Esci hazikufa: zilifika kwa Italeri, kampuni nyingine ya maketi, nao wakaitoa F27 upya. Plastiki ileile, boksi jingine. Nikamwambia tantini aweke kikomo cha euro 45 kwenye mnada wa boksi la Italeri akalale. Mtambo wa mnada hupandisha bei kidogo kidogo, haufiki kikomo chako mpaka mwingine akusukume. Asubuhi ilikuwa yetu kwa 32. Ikaja Lubumbashi ndani ya sanduku la binamu, katikati ya viatu.

Kazi ya wiki hii ilikuwa pua. Ndege yenye gurudumu la mbele usipoitia uzito puani inakalia mkia. Wengine hutia risasi za kuvulia samaki. Mimi niko mji wa shaba, bwana: nilizungusha waya kwenye penseli, nikaushindilia nyuma ya chumba cha marubani kwa kola, yaani gundi. Mara ya kwanza nilikadiria kwa macho, ikaenda chali. Kubandua nusu mbili zilizokwisha kushikana, na umeme umekatika, sitaki hata kukumbuka.

Dekali za chui wa Air Zaïre hazikuwemo, nimemchora mkiani kwa mkono. Baba akavaa miwani, akageuza ndege polepole.

"Huyu mbwa ni wa nani?"

Jumamosi namfuta. Dada amenipa brashi ya rangi ya kucha, nimeipunguza nywele hadi zimebaki chache.