Mnaopanga kwenda Kaş, Uturuki
Uwanja wa ndege wa karibu ni Dalaman. Pandeni basi hadi Fethiye, kisha dolmuş (kipanya chao) mpaka Kaş. Bebeni viatu vya maji maana fukwe za mjini ni kokoto na miamba. Ufukwe wa Kaputaş, kilomita kama 20 hivi kuelekea mji wa Kalkan, ni mzuri mno, ila ngazi zake zinapita 180. Kuzipanda jua la saa saba kunawatesa wazee na watoto, hivyo nendeni asubuhi.

Jambo kubwa: boti ya Meis ni kama nusu saa tu, lakini hicho ni kisiwa cha Ugiriki. Kwa pasipoti za Kenya na Tanzania mnahitaji viza ya Schengen. Na kama viza ya Uturuki ni ya kuingia mara moja, mkishavuka imekwisha kazi. Hamrudi Kaş bila viza nyingine.