Nilivyopata simulesheni ya jeti ya shimo jeusi ninayoweza kuiamini

Mwanaastronomia Heber Curtis aliiona jeti ya galaksi ya M87, yaani mkondo mwembamba wa plazma (gesi yenye chaji za umeme) unaorushwa na shimo jeusi la katikati yake, mwaka 1918 akaiandika kama mwale mnyoofu wa ajabu, na mimi hilo neno mnyoofu ndo limenikaa kichwani miaka yote. Ile kitu ina urefu wa kama miaka nuru 5,000, imebeba sumaku iliyojisokota, sasa mbona haivunjiki? Plazma ya maabara ukiisokota hivyo inajipinda chapchap na kutawanyika.

Kanuni yenyewe ni ya wanafizikia Kruskal na Shafranov, mistari ya sumaku ikizunguka mhimili zaidi ya mara moja kamili ndani ya urefu wa jeti basi jeti inaanza kujikunja (huko kujikunja ndo nakuita pindo), kama kamba uliyoisokota kupita kiasi halafu ukailegeza. Kwa kanuni hiyo peke yake M87 ingeshakwisha kitambo, ndo maana nikaona bora niipigie hesabu kwenye kompyuta.

Kilichonisaidia zaidi ni kutochora jeti nzima. Nikakata kipande tu nikasafiri nacho, yaani mahali pa kutazamia panaenda pamoja na plazma, hapo plazma inaonekana imetulia na ile kasi ya asilimia 99.5 ya mwanga haikusumbui tena. Kigezo cha Lorentz, yaani namba inayosema muda unapungua mwendo mara ngapi, kwa kasi hiyo ni 10, kwa hiyo mtu anayeitazama kutoka pembeni anaona kila kitu kinakua mara 10 polepole zaidi, na hiyo tayari ni nusu ya jibu la kwa nini jeti inafika mbali. Ncha mbili za boksi, yaani kile kipande nilichokata, nikaziunganisha, kinachotokea juu kinaingia chini. Ila jamani angalieni urefu wa boksi! Pindo linahitaji nafasi ya wimbi lake zima, boksi likiwa fupi jeti inatulia tuli na mtu anashangilia bure. Na lazima iwe 3D, ukiweka ulinganifu kuzunguka mhimili pindo halina hata pa kuanzia.

Programu niliyotumia ni PLUTO, ya kupigia hesabu mwendo wa plazma, ni ya bure. Inagawa boksi kuwa gridi ya vijisanduku vinavyoitwa seli. Panapochosha ni kwenye presha. Programu inatunza nishati jumla na momenta (kani-mwendo ya plazma), halafu kila hatua inarudi kutafuta presha na kasi, sasa kama sumaku imebeba karibu nishati yote, presha ya gesi inapatikana kwa kutoa namba mbili kubwa zinazokaribiana, ikiteleza kidogo tu inakuwa hasi na simulesheni inakufa. Dawa ni kuiambia itumie entropia (kipimo cha mvurugiko wa gesi) badala ya nishati kwenye seli zile, isipokuwa penye mawimbi ya mshtuko, pale entropia haihifadhiki.

Kuhusu kuamini matokeo, mimi siangalii picha kwanza, zinavutia mno. Nachora logi ya nishati ya mwendo wa pembeni dhidi ya muda. Pindo la kweli linatoa mstari ulionyooka, na mteremko wake ndo kasi ya kukua. Halafu narudia na gridi laini mara mbili, yaani seli zenye nusu ya upana, mteremko ukibaki palepale naendelea. Ni gharama, seli zinakuwa mara 8 na hatua za muda mara 2, jumla mara 16, lakini hakuna njia ya mkato hapo. Pia ukiona umbo la pembe nne linajitokeza kwenye mkato wa jeti, hiyo ni gridi ya miraba inaongea, sio fizikia.

Mwisho nikaona kwamba msokoto unavyobadilika kutoka katikati kwenda nje ndo unaamua mengi. Mistari ikilegea kadiri unavyoenda nje, pindo linakua polepole halafu linatulia, jeti inabaki na mawimbi lakini nzima. Ikikaza kuelekea nje, linakua haraka na linaendelea kukua. Sasa hivi naongeza tofauti ya kasi kati ya kiini na ganda la jeti, maana M87 yenyewe inang'aa zaidi kingoni kuliko katikati.